Kupanga Viti kwa Duara Si Kufanya Warsha

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani ilitaka raia wake wale nyama za ndani kwa wingi, kwa kuwa nyama nyingine ilihitajika kwa ajili ya wanajeshi. Mioyo na figo za ng'ombe zilikuwepo, zina lishe, lakini akina mama wengi hawakutaka hata kuziona jikoni mwao. Mwanasaikolojia Kurt Lewin akachukua vikundi sita vya wanawake waliokuwa wakijitolea katika Msalaba Mwekundu. Vikundi vitatu vilipewa mhadhara mzuri: umuhimu wa lishe, uhusiano wake na vita, namna ya kupika ili harufu na mwonekano visiwakere watu, na mwishoni karatasi zenye mapishi. Vikundi vitatu vilivyobaki vilipewa dakika 45 zilezile, ila vyenyewe vilielezwa tatizo kwa ufupi, kisha wanawake wakaachwa waseme nini kingemzuia mama kama wao asipike chakula hicho. Mume angekataa. Harufu ingejaa nyumba nzima. Mtaalamu wa lishe alikuwepo chumbani, lakini alitoa mapishi yake baada ya wenyewe kuwa wamezama katika jambo hilo na kutaka kujua. Kabla ya kuondoka wakaulizwa: nani yuko tayari kujaribu wiki ijayo? Anyooshe mkono.

Walipofuatiliwa, asilimia 3 tu ya waliosikiliza mhadhara walikuwa wamepika mojawapo ya nyama ambazo hawakuwahi kuzipika. Kwa wale waliojadiliana na kuamua, ilikuwa asilimia 32.

Jaribio hilo ni la zamani, lakini linajibu swali ambalo waandaaji wengi wa warsha hawajiulizi: ni kitu gani hasa kinachoifanya warsha izae matunda? Jibu la haraka huwa ni "majadiliano". Kwa jibu hilo zimeandaliwa warsha nyingi mno ambazo watu huongea tangu asubuhi hadi jioni, kisha wakarudi kwao kama walivyokuja. Mwaka 1955 Edith Bennett alichapisha utafiti ambao ulilichambua jaribio la Lewin kipande kwa kipande. Akaona kwamba kuongea peke yake hakukuleta badiliko, wala kunyoosha mkono mbele ya watu hakukuwa na uzito uliodhaniwa. Yaliyoleta tofauti yalikuwa mawili: mtu kufanya uamuzi, na kuona kwamba wenzake nao wameamua hivyohivyo.

Kwa hiyo nashikilia hivi: warsha ni mahali pa kufanya kazi na kuamua, na inaharibika pale tunapoigeuza kuwa njia ya kupendeza zaidi ya kutoa mhadhara. Iwe lengo ni kujifunza, kubuni, kutunzana au kuiamsha jamii, inafaulu pale waliohudhuria wanaposhughulikia jambo lao wenyewe, wakaliamulia, kisha wakarudi kuelezana lilivyokwenda. Hayo yakikosekana, bango kitita na kalamu rashasha haviokoi kitu.

Siku iliyoharibika tunaijua sote. Mgeni rasmi anachelewa. Anapofika anafungua kwa hotuba, halafu anaondoka. Mtoa mada wa kwanza anakula muda wa mtoa mada wa pili, na wa pili anaahidi "kupita haraka haraka" kwenye slaidi ambazo hakuna anayeweza kuzisoma kutoka nyuma. Kazi za vikundi, ambazo ndizo zilizokuwa warsha yenyewe, zinapunguzwa kutoka saa mbili hadi dakika ishirini. Katika kikundi anatafutwa katibu, mara nyingi binti aliyeonekana ana mwandiko mzuri, na tangu hapo kazi yake inakuwa kuandika mawazo ya wengine. Lake hakuna anayemwuliza. Vikundi vinasoma, makofi yanapigwa, mabango yanakunjwa. Fomu ya tathmini inauliza kama ukumbi ulikuwa mzuri. Siku hiyo imemgharimu mtu aliyefunga shughuli yake ili aje, au aliyemwachia jirani mgonjwa wake. Kumrudisha nyumbani mikono mitupu ni kumkosea heshima, na ndiyo maana jambo hili linanikera kuliko linavyoonekana kustahili.

Tazama jinsi ilivyofanyika mahali ambapo walikataa njia hiyo. Januari 1957, katika Johns Island, jimbo la South Carolina nchini Marekani, lilianza darasa la jioni la watu wazima Weusi. Wengi wao hawakujua kusoma, na sheria ya jimbo iliwataka waweze kusoma kipande cha katiba ndipo waandikishwe kupiga kura. Walioliandaa, Esau Jenkins na Septima Clark, wakisaidiwa na Highlander, shule ya mafunzo ya watu wazima, walimchagua mwalimu ambaye hakuwa mwalimu. Bernice Robinson alikuwa msusi na mshonaji, na walimtaka kwa sababu hiyo hasa. Mwalimu wa kawaida angekuja na mtaala wake mkononi. Robinson alikuja akawauliza wanataka kujifunza nini. Wakamwambia: kuandika majina yao, kusoma Biblia, kusoma gazeti, kujaza fomu za kuagiza bidhaa na kutuma pesa. Akaanzia hapo. Katiba ilifuata baadaye, na ilipofika iliwakuta watu ambao tayari walikuwa wameshika kalamu kwa ajili ya mambo yao.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wale wanafunzi walijua kwa undani ni wapi kutojua kusoma kulikokuwa kukiwauma, na hakuna mtaalamu ambaye angeliotea hilo akiwa ofisini. Mtindo wa Johns Island ukasambaa kusini mwa Marekani, na kufikia mwaka 1961 madarasa hayo yalikuwa yamehamishiwa kwenye chama cha Martin Luther King, SCLC. Maelfu ya watu waliandikishwa kupiga kura kupitia njia hiyo.

Hapa kuna tafsiri mbaya ninayotaka kuizuia mapema. Wapo wanaosikia habari kama hizi wakahitimisha kwamba utaalamu hauna kazi katika warsha, kwamba mwezeshaji mzuri ni yule anayekaa kimya na kusema "ninyi ndio mnajua". Hapana. Robinson alijua kusoma na kuandika, na aliwafundisha. Mtaalamu wa lishe wa Lewin alikuwa na mapishi ya kweli. Tofauti iko katika wakati: ujuzi uliletwa baada ya swali kuzaliwa. Mtu ambaye tayari ana swali hupokea jibu kwa mikono miwili, na jibu lilelile likitangulia swali linampita kama upepo. Mwezeshaji anayejidai hajui kitu ilhali anajua anawanyima washiriki haki yao, na wao hulitambua jambo hilo mapema sana.

Katika ubunifu, warsha zetu zimejengwa juu ya imani ambayo utafiti ulishaitilia shaka zamani. Imani yenyewe ni kwamba ukiwakusanya watu na kuwataka wamwage mawazo bila kukosoana, watatoa mawazo mengi kuliko kila mmoja peke yake. Mwaka 1958 watafiti wa chuo kikuu cha Yale waliipima. Walilinganisha vikundi vya watu wanne waliokaa pamoja na watu wanne waliofanya kazi kila mtu kivyake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokaa peke yao waliwashinda wenzao kwa mbali. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu kubwa: katika kikundi ni mtu mmoja tu anayeweza kusema kwa wakati mmoja. Wakati unasubiri zamu yako, wazo lako linafifia, au unaliacha kwa sababu lililosemwa sasa limekuvuta kwingine.

Maana yake si kwamba watu wabuni wakiwa wamejifungia. Maana yake ni kwamba kimya ni sehemu ya warsha. Mpe kila mtu karatasi yake na dakika kumi za kuandika au kuchora kabla neno lolote halijasemwa, uone nani anakuja na nini. Yule ambaye hasemi mbele ya wakubwa wake ataandika. Anayewaza polepole atafika. Halafu ndipo kikundi kinakuwa na kazi inayokifaa, yaani kuchagua, kuunganisha, kujaribu. Nimewahi kuona mwezeshaji akiyalinda makusudi yale mapumziko ya kimya. Mzee mmoja akajaribu kuanza kueleza wazo lake kwa sauti, mwezeshaji akamwinamia taratibu, "Mzee wangu, tuandikie kwanza, tutakusikia", akamsogezea kalamu. Mzee akaandika. Aliyekaa pembeni yake, ambaye asubuhi yote hakuwa amesema kitu, naye akaendelea kuandika, akageuza karatasi upande wa pili.

Baada ya kubuni huja kukosoana, na hapo ndipo watu wengi huvunjika moyo wasirudi tena. Msanii wa dansi Liz Lerman alibuni mwaka 1990 utaratibu wa hatua nne ambao naona unastahili kujulikana zaidi ya kwenye majukwaa ya dansi. Kwanza watazamaji wanasema kazi imewagusa wapi. Pili, aliyeitengeneza ndiye anayeuliza maswali kuhusu kazi yake. Tatu, watazamaji wanamwuliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Nne ndipo huja maoni, na hata hapo mtoa maoni anaomba ruhusa: nina maoni kuhusu mwisho wa kazi yako, ungependa kuyasikia? Mwenye kazi ana haki ya kusema la. Ukiitazama kwa haraka unaweza kudhani ni adabu tu. Lakini angalia madaraka yalipo: kazi haimtoki mwenyewe hata dakika moja. Yeye ndiye anayeamua afanye nini nayo kesho, na maoni yanayomfikia yanamkuta akiwa bado anaitaka.

Augusto Boal, mwandishi na mwelekezi wa maigizo kutoka Brazil, aliifikia hoja hiyohiyo kwa njia ya ghafla. Alikuwa Peru mwaka 1973 katika kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma, akitumia maigizo ambayo hadhira huruhusiwa kuyasimamisha na kupendekeza mhusika afanye nini. Kwa simulizi yake mwenyewe, mwanamke mmoja alipendekeza namna mke aliyedanganywa angemkabili mumewe. Waigizaji wakajaribu, mama akasema sivyo. Wakajaribu tena, sivyo. Mwishowe Boal akamwomba apande jukwaani aonyeshe mwenyewe, na alichoonyesha kwa mpini wa fagio hakuna mwigizaji aliyekuwa amekielewa katika maneno yake. Tangu siku hiyo Boal akaacha kuwaigizia watu mapendekezo yao. Akawa anawapisha jukwaani. Nadhani kila katibu wa kikundi anayeandika "washiriki walisema kwamba" angefaa kuijua habari hiyo.

Sasa niingie kwenye utunzaji, ambako ndiko ninakotaka kukaa zaidi, kwa sababu ndiko uzembe unakoumiza watu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, nchini Uganda, akina mama waishio na virusi vya UKIMWI katika chama cha NACWOLA walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia watu wa kawaida. Mama alijua kwamba huenda asimwone mwanawe akikua, na hakujua pa kuanzia kumwambia. Katika vikao walifundishana kuandika: ulizaliwa wapi na siku gani, babu na bibi zako ni akina nani, ulipenda nini ulipokuwa mdogo, mimi mama yako nilikuwa mtu wa namna gani, nakutakia nini. Ukurasa baada ya ukurasa, kitabu kilimfikisha mama mahali ambapo mazungumzo kuhusu ugonjwa yaliwezekana, na pia mipango ya nani atamlea mtoto. Mama aliyebanwa na swali kama "utamwambiaje mwanao?" angenyamaza. Mama aliyeulizwa mwanawe alipenda kucheza nini alikuwa na la kuandika, na lile jambo zito lilikuja kwa wakati wake, akiwa amekaa na wenzake ambao hawakuhitaji kuelezwa.

Hilo ndilo ninaloliita utunzaji ndani ya warsha: umbo la kazi lenyewe linambeba mtu. Halitokani na maneno ya upole peke yake. Vikundi vya karakana vya wanaume vilivyoanzia Australia katika miaka ya 1990 vinafuata mantiki ileile kwa mbao na misumari. Wanaume ambao hawangekaa kitako kuongelea upweke wao huuongelea wakiwa wameinamia meza moja, macho yako kwenye kazi. Vivyo hivyo vikao vya kutengeneza vitu vilivyoharibika ambavyo Martine Postma alivianzisha Amsterdam mwaka 2009: mwenye redio mbovu hukaa pamoja na fundi, na fundi hamtengenezei peke yake; wanaitengeneza pamoja.

Kinyume chake ni kile kikao ambacho washiriki, saa moja baada ya kukutana, wanaombwa "washirikishe jambo gumu walilopitia" ili kikundi kizoeane. Mtu anafungua jeraha mbele ya wageni, watu wanalia, mwezeshaji anashukuru kwa ujasiri, ratiba inaendelea. Jioni yule mtu anakwenda nalo nyumbani, na hakuna aliyebaki wa kumpigia simu. Watu wanaofanya hivyo huamini wanaponya. Ushahidi hauko upande wao. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, kuhusu kikao kimoja cha kuwasimulisha watu yaliyowapata baada ya tukio la kutisha hayakuona kwamba kinazuia madhara ya kisaikolojia ya baadaye, na katika utafiti mmojawapo waliohudhuria walikuwa na hali mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike. Mwezeshaji asiye na mahali pa kumpeleka mtu baada ya kikao hana haki ya kumfungua. Mshiriki awe na ruhusa ya kunyamaza bila kuulizwa sababu, na ruhusa hiyo itamkwe mwanzoni, kwa sauti, na aliye na madaraka kuliko wote chumbani.

Na kuna utunzaji wa kawaida ambao hauandikwi kwenye malengo. Nani anakaa na watoto? Mlango unapitika kwa kiti cha magurudumu? Kikao kinaanza saa ngapi, na saa hiyo inamfaa nani? Maswali haya ndiyo yanayoamua ni nani atakayekuwa "jamii" katika ripoti.

Kwa ushahidi wa nguvu zaidi kwamba watu waliokutana na kuamua wanaweza kubadili maisha, nitakwenda Nepal. Katika wilaya ya Makwanpur, wanawake walikutana kila mwezi chini ya mwezeshaji ambaye alikuwa mwanamke wa eneo hilo, asiye mhudumu wa afya. Kwa kadi za picha na hadithi walizungumzia matatizo ya ujauzito, kujifungua na watoto wachanga, wakachagua yaliyokuwa mazito kwao, kisha wakabuni suluhisho. Kundi hili likaanzisha mfuko wa dharura, lile likatengeneza machela, jingine likatayarisha vifaa safi vya kujifungulia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Katika maeneo yenye vikundi, watoto wachanga waliofariki walikuwa 26.2 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai, wakati maeneo yasiyo na vikundi yalikuwa na 36.9. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliunganisha tafiti saba kutoka Bangladesh, India, Malawi na Nepal, na ukaonyesha jambo ambalo kila mwandaaji angepaswa kulibandika ukutani: pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walishiriki, vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa theluthi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza vikundi vya namna hiyo.

Hakukuwa na siku ya ufunguzi iliyofanya kazi hiyo. Wanawake walikutana, wakatenda, wakakutana tena kuangalia kilichotokea, mwezi hadi mwezi. Na hawakuwa wawakilishi watano wa kijiji walioitwa mjini "wakawaelimishe wenzao". Walikuwa wengi kiasi kwamba aliyepata uchungu usiku alizungukwa na majirani waliokuwepo kwenye kikao.

Pamoja na hayo, warsha isibebeshwe zaidi ya inachoweza. Programu ya Stepping Stones, ambayo hutumia maigizo na mazungumzo kuhusu uhusiano na UKIMWI, ilipimwa Eastern Cape nchini Afrika Kusini katika maeneo 70, na matokeo yakatoka mwaka 2008. Vijana waliopitia programu ya takribani saa 50 walilinganishwa na wenzao waliopata kikao kimoja cha saa tatu. Maambukizi mapya ya virusi vya tutuko za sehemu za siri yalipungua kwa kama theluthi, na miaka miwili baadaye wanaume waliripoti ukatili mdogo kuliko wenzao dhidi ya wapenzi wao. Maambukizi ya virusi vya UKIMWI hayakupungua kwa kiwango cha kuaminika. Wanawake nao hawakuonyesha badiliko kama la wanaume, na hilo lisishangaze: mwanamke anaweza kutoka kwenye kikao akiwa na msimamo mpya, akakuta nyumbani madaraka yapo palepale. Warsha humpa mtu sauti na wenzake. Haimpi mshahara, ardhi wala zahanati, na si haki kumlaumu kwa kutobadilika pale ambapo vitu hivyo ndivyo vilivyokosekana.

Ndiyo sababu warsha nzuri huishia kugusa madaraka, na waandaaji wengi hapo ndipo hurudi nyuma. Kiangazi cha mwaka 1955, Rosa Parks alihudhuria warsha ya wiki mbili katika shule ileile ya Highlander, jimbo la Tennessee, mahali ambapo Weusi na Weupe waliketi meza moja wakati sheria za kusini ziliwatenganisha. Kila mshiriki aliulizwa akirudi nyumbani atafanya nini. Parks hakutoa ahadi kubwa; hakuwa na matumaini kwamba watu wa Montgomery, mji wake, wangeungana. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo alikataa kumwachia abiria Mweupe kiti chake kwenye basi. Nisidai kwamba warsha ndiyo iliyomfanya. Alikuwa mwanaharakati kwa miaka mingi kabla ya hapo. Lakini swali lile la mwisho la Highlander lina thamani kuliko fomu zote za tathmini, hasa kwa kuwa linakubali pia jibu la kukata tamaa.

Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, ilionyesha mambo yanaweza kufika wapi. Wanakijiji walianza na masomo ya watu wazima mwaka 1976. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakawaletea rasimu ya mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu, na wanakijiji wakairekebisha: lugha ya wazee haisemwi hivi, kiwandani mambo hayaendi vile. Wakajenga wenyewe ukumbi wa wazi wa watu wapatao 2,000. Mazoezi yalikuwa ya wazi, kila apitaye aliweza kusimama na kusahihisha. Mchezo ulianza Oktoba 1977. Novemba serikali ikaufutia kibali. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Huko Brazil, madarasa ya Paulo Freire yaliyowafundisha watu wapatao 300 wa Angicos kusoma kwa takribani saa 40 mwaka 1963 yalikutwa na mapinduzi ya kijeshi mwaka uliofuata, na Freire akafungwa.

Wenye madaraka hawakubomoa ukumbi kwa sababu watu walikuwa wamekaa duara. Walitishwa na ile hali ya wanakijiji kuandika upya maneno waliyoletewa na mabingwa. Mfadhili au ofisi inayosema inataka "ushiriki wa jamii" ijiulize kabla ya kukodi ukumbi kama iko tayari washiriki waibadilishe rasimu yake. Kama haiko tayari, iite mkutano wa taarifa. Mkutano wa taarifa ni kitu halali, ni mfupi, na haumdanganyi mtu.

Kwa walio tayari, ningeomba mabadiliko kwenye bajeti, maana huko ndiko imani ya mwandaaji inakoonekana. Punguza watoa mada abaki mmoja, na awepo siku nzima, akijibu. Lipa vizuri mwezeshaji anayeijua lugha na maisha ya washiriki, hata kama hana shahada, na umpe muda wa kukutana nao kabla. Fedha zinazokwenda kwenye mabegi, fulana na vyeti zitengwe kwa ajili ya kikao cha pili na cha tatu, baada ya wiki kadhaa, cha watu walewale, ambako ajenda ni moja: tulijaribu nini, kikawaje. Kikao hicho kikikosa fedha, afadhali cha kwanza kisifanyike. Na ripoti iandikwe mwishoni mwa vikao hivyo, isomwe kwanza kwa washiriki wenyewe, kwa lugha yao, nao wawe na haki ya kusema kwamba hivyo sivyo ilivyokuwa.